Udi Wangu Niliubadilisha kwa Kinanda, Sasa Uko kwa Binti wa Marehemu

BARUA

Maalim, assalaam alaykum.

Mimi ni mtu wa makamo, mkaazi wa Ng'ambo hapa Unguja. Nimelelewa ndani ya taarab. Marehemu baba alikuwa mpiga udi, kile chombo cha nyuzi. Hakuwa mtu wa jina kubwa, lakini kikundi chochote kilichopungukiwa na mtu kilimfuata nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea udi, umefungwa kwa shuka. Vidole vilipoanza kumsumbua alinikabidhi mimi. Aliniambia aliununua baada ya Mapinduzi, kwa familia iliyokuwa ikihama. Ukichungulia kwenye tundu kubwa utaona karatasi ya fundi aliyeutengeneza. Imeliwa na mende, na kinachosomeka ni neno Misri tu. Kigingi kimoja cha kukazia nyuzi si cha asili. Kilivunjika, baba akachonga kingine kwa mpingo, kikatoka kinene kuliko wenziwe.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kama unavyojua mwenyewe, kila harusi ilitaka rusha roho, ile taarab ya kisasa ya kucheza. Kikundi chetu kilikufa. Nilikuwa na rafiki, naye mpiga udi, aliyeletewa kinanda cha umeme kutoka Dubai na asikipende. Tukabadilishana: yeye akachukua udi na fedha kidogo juu yake, mimi nikachukua kinanda. Mke wangu alikuwa mjamzito na nyumbani hapakuwa na kitu, kwa hiyo sikufikiri sana.

Kinanda nilikipigia maharusini miaka mingi. Kiliungua katika lile giza la miezi mitatu, lililoanza mwishoni mwa 2009 likaisha Machi 2010, tulipokuwa tukipiga kwa jenereta. Umeme uliruka, kikatoa moshi mbele ya bibi harusi. Fundi aliniambia kipuri chake hakipatikani. Tangu hapo sijashika chombo chochote, nauza vifaa vya ujenzi.

Mwaka jana nilikwenda Ngome Kongwe kusikiliza taarab ya asilia. Kati ya wapigaji alikuwamo binti mmoja na udi. Alipoinama kulinganisha nyuzi, nikakiona kile kigingi kinene cheusi. Ni binti wa yule rafiki yangu, ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Muziki amejifunza chuoni.

Nikenda kwao. Mama yake akanikaribisha kwa kahawa na halua. Nilipoeleza shida yangu, binti akanijibu kwa adabu: "Ami, huu ndio ulionibakia kwa baba." Nikarudi tena, nikaongeza bei. Mwanangu mkubwa yuko Maskati, ananisaidia, fedha si tatizo. Mara ya mwisho nilipokwenda, binti hakutoka chumbani.

Wenzangu barazani wanasema nilipunjwa, kwamba marehemu alijua thamani ya udi ule na kwamba kinanda chake kilikuwa kimeshatumika. Wanataka nipeleke wazee, au nende kwa sheha. Mke wangu anasema nimwache mtoto wa watu. Usiku silali, Maalim, naisikia sauti ya udi ule kichwani. Nifanyeje?

Mwana wa Mpiga Udi, Ng'ambo

JIBU

Wa alaykum salaam, ndugu yangu.

Naanza na lisilongoja. Usiende kwa sheha. Usitume wazee. Na nyumba ile usirudi tena na fedha mfukoni, hata mwanao akikutumia mara tatu ya uliyotaja. Mkeo amesema kweli.

Huyo ni mtoto aliyefiwa, na wewe ni rafiki wa baba yake, mtu mzima, anakuita ami. Unapokaa kwenye mkeka wa mama yake ukataja bei, kisha ukarudi na bei kubwa zaidi, hana namna ya kukujibu kama anavyojibiwa mfanyabiashara. Adabu inamfunga. Mara ya kwanza alikukatalia kwa maneno mazuri. Kutotoka chumbani ndilo jibu lake la pili, na mtoto aliyelelewa vizuri hana kauli nzito zaidi ya hiyo. Ukipeleka wazee wanaweza kumkalisha chini akakubali kwa haya, na udi ukaupata. Utaupigia wapi? Mji wetu mdogo, na kila atakayekuona nao atajua umerudi vipi.

Hayo ya kupunjwa yaache huko huko barazani. Mlikuwa watu wazima wawili, kila mmoja akikijua chombo cha mwenzake, mkaridhiana na kupeana mikono. Makubaliano ya ridhaa hayafunguliwi upya kwa sababu kitu cha mmoja kimeharibika na cha mwingine kimedumu. Na marehemu hayupo kujitetea, kwa hiyo ni vizuri ulimi wetu juu yake uwe mfupi.

Tena tukipiga hesabu kwa haki, huo upunjaji siuoni. Kumbuka miaka ile ilivyokuwa. Kundi la East African Melody lilikuwa limetamba, Bara makundi ya TOT na Muungano yanashindana kwa mipasho, na mwenye harusi aliyezoea kukodi kundi zima la mafidla, kanuni za nyuzi na akordiani aligundua kwamba mpiga kinanda, mwimbaji na spika mbili zinatosha kuwachezesha wageni wake. Wapigaji wazuri wa nai, ile filimbi, na wa kanuni walikaa nyumbani kwa kukosa kazi. Wewe kazi uliipata. Mtoto aliyekuwa tumboni na wakubwa zake walikula na kwenda skuli kwa kinanda kile, na huyo aliyeko Maskati, anayekutumia fedha za kuukomboa udi, ni mmoja wao. Nawasikia wapenzi wa taarab ya zamani wakikitukana kinanda kana kwamba kilituingilia kwa hila. Sikubaliani nao hata kidogo, maana kimebeba nyumba nyingi za wanamuziki hapa.

Lakini sitakuambia kwamba majuto yako hayana msingi. Yanao. Udi hauna vikato shingoni kama vya gita. Kidole ndicho kinachoamua sauti ikae wapi, na baina ya kitufe kimoja cha kinanda na cha pili kuna sauti ambazo maqamu zetu, kama rasti na bayati, hazikamiliki bila ya hizo. Uliyezipata hizo tangu utotoni kwa baba yako, miaka yote ya rusha roho masikio yako yaliendelea kuzisikia huku vidole vikiwa havina pa kuzitoa. Halafu tangu 2010 hukushika hata hicho kinanda. Kwa hiyo ninapoisoma barua yako naona mambo mawili yamefungwa fundo moja: kuna udi, na kuna kupiga. Wewe unadhani unaulilia udi. Mimi naona sehemu kubwa unalilia kupiga, na hilo linaweza kurudi bila ya kumnyang'anya mtu.

Hiyo sauti unayoisikia usiku nayo tuitazame. Mwaka 2010, mjini Indianapolis nchini Marekani, watafiti waliwaita wapiga fidla stadi 21 na kuwawekea fidla sita: tatu mpya, na tatu za kale za Italia, mbili zikiwa za fundi Stradivari na moja ya fundi Guarneri, zenye thamani ya mamilioni ya dola. Chumba kilitiwa giza na wapigaji wakavishwa miwani meusi ya wachomelea vyuma, ili wapige bila kujua wameshika ipi. Mwisho waliulizwa ni ipi wangependa kwenda nayo nyumbani. Zaidi ya nusu walichagua fidla mpya, na wengi hawakuweza kutambua ipi ni ya kale. Sisemi kwamba udi wa baba yako ni sawa na udi wowote. Nasema sauti iliyomo kichwani mwako ina baba ndani yake, ina ujana wako na ile shuka uliyoufungia. Hata ungeupata leo, udi ungelia vingine. Nyuzi zimebadilishwa, mkono ulioupiga miaka yote hii ni wa mtu mwengine, na uso wa udi wenyewe umeshapitiwa na masika mengi.

Kuna jambo ningependa ulijue kuhusu vyombo vya mji huu. Ikhwani Safaa, klabu ya taarab iliyoanza 1905, iliagiza vyombo vyake Misri, na vilikuwa mali ya klabu. Mpigaji akifa chombo kinabaki, anakuja mwengine anaketi pale pale. Chombo cha mtu binafsi hakina ulinzi huo, kinafuata shida za mwenyewe: ada ya skuli, maradhi, nauli ya safari. Viko vilivyouzwa kwa wageni, viko vilivyofunikwa vitambaa juu ya makabati mpaka mchwa wakavimaliza, na viko vilivyotundikwa kwenye kumbi za hoteli bila ya nyuzi, uso umepasuka kwa baridi ya kiyoyozi. Ungeniandikia kwamba udi wa baba yako umetundikwa ukutani namna hiyo, ningekuambia uza hata mabati ya dukani ukaukomboe kesho. Lakini wa kwako unapigwa, na unapigwa mbele za watu, Ngome Kongwe, tena taarab ya asilia. Kati ya vyote vilivyouzwa miaka ile, ni vichache vilivyopata bahati hiyo.

Na tazama ni nani anayeupiga. Zamani wanawake wetu jukwaani waliimba, na vyombo vya nyuzi vilikuwa vya wanaume. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimefungua mlango, na Mariam Hamdani alipounda Tausi mwaka 2009, kundi la wanawake wanaojipigia vyombo wenyewe, ikadhihirika kwamba hapakuwa na sababu ya kuwazuia tangu awali. Binti wa rafiki yako ni tunda la kazi hiyo. Kumwondolea udi mikononi ni kuirudisha nyuma, na naamini baba yako, aliyekuwa akikwenda kuziba pengo kila kikundi kilipopungukiwa na mtu, asingelipenda hilo.

Wapiga gita wana kisa wanachokisimulia sana. Peter Green, Muingereza aliyeanzisha kundi la Fleetwood Mac, mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliachana na gita lake, Gibson Les Paul ya 1959, lililokuwa na sauti ambayo wenzake hawakuweza kuiiga. Alimwachia kijana wa Belfast, Gary Moore, kwa bei ndogo mno: Moore aliuza gita lake mwenyewe, na Green akaridhika na kilichopatikana. Moore alilipiga zaidi ya miaka 30, na mwaka 1995 akatoa albamu nzima ya nyimbo za Green kwa gita lile lile. Mwaka 2006 naye likamtoka. Tangu 2014 liko kwa Kirk Hammett wa kundi la Metallica, naye halifungii kabatini, hupanda nalo jukwaani. Ninachokipenda katika kisa hiki ni ile albamu ya 1995. Gita halikurudi kwa mwenyewe, lakini aliyelipata alijua limetoka kwa nani, akaliheshimu kwa kuzipiga kazi za yule mtu.

Binti yetu hajui udi wake umetoka kwa nani. Anajua ni wa baba yake, basi. Hajui habari za familia iliyohama, wala kile kigingi kilivunjikaje, wala nani alikichonga. Na kuna kubwa zaidi asilokuwa nalo, ni mkono wa baba yako: zile bashraf, tungo za vyombo vitupu, alizofungulia onyesho, alivyokuwa akiingia kwenye taqsimu, ule upigaji wa peke yake wa papo kwa papo, na kutoka, mahali alipokuwa akiiacha risha ya kupigia inyamaze kidogo kabla ya mwimbaji kuanza. Hayo hayamo chuoni. Yamo kwako, na wala hayakuingia kwenye yale mabadilishano.

Kwa hiyo nenda tena, lakini nenda na mkeo, na usitaje fedha. Mwombe radhi mama yake kwa kule kurudi-rudi. Andika kwenye karatasi kila unachokijua kuhusu udi ule, kwa hati inayosomeka, uikabidhi. Chombo chenye habari zake hakipotei ovyo, na siku binti akiolewa, akihama au akipata shida, karatasi ile itamkumbusha kwamba kuna mtu wa kumwambia. Kisha sema hivi mara moja tu, mama yake akisikia: "Ikitokea siku mkataka kuuachia, naomba mnifikirie mwanzo." Halafu nyamaza. Usikumbushe Idi, usikumbushe harusini, usimtume mtu kuulizia. Akikuomba umwonyeshe kitu katika mkono wa baba yako, mwonyeshe, hapo hapo sebuleni mama yake akiwapo. Asipoomba, kunywa kahawa yako uende.

Lakini kabla ya ziara hiyo uwe na udi wako. Nakusisitiza sana hapa. Ukienda mikono mitupu macho yako yatabaki kwenye ule mmoja, na binti ataona. Isitoshe vidole vyako vimelala miaka mingi, vitahitaji wiki kadhaa kabla ya kumwonyesha mtu chochote. Ngozi ya ncha itauma, kisha itakomaa.

Kwa kuwa mwanao yuko Maskati, uko pazuri. Kule kuna jumuiya ya wapenzi wa udi iliyoanzishwa 2005, aende aulize kwa wapigaji wenyewe kabla hajaingia dukani. Mwambie asinunue ile iliyojazwa nakshi za kuwavutia watalii, mara nyingi fedha yote imeishia kwenye nakshi. Na atazame urefu wa nyuzi. Udi wa Kituruki huwa mfupi kidogo, takriban sentimita 58 kutoka daraja hadi mwisho wa shingo penye vigingi, na hufungwa sauti ya juu. Wa Kiarabu hufika kama sentimita 61, na sauti yake ni nzito. Wa baba yako, ikiwa ile karatasi inasema kweli, ni wa Misri, kwa hiyo vidole vyako vilijifunza masafa ya Kiarabu. Akikuletea wa Kituruki utakuwa unapotea sauti kila mara bila kujua kwa nini, na utadhani uzee umekushika.

Akishaushika, autazame shingo kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa mwisho wake, aone kama imepinda. Nyuzi zisiwe juu sana pale shingo inapokutana na mzinga. Uso usiwe umebonyea mbele ya daraja. Augonge mgongo taratibu kwa ncha ya kidole, ubavu mmoja baada ya mwingine. Akisikia mkwaruzo, gundi imeachia. Na vigingi vyote azungushe: kinachoteleza kinarekebishika, lakini vikiteleza vyote afadhali atafute mwengine.

Kwenye ndege aupande nao ndani, nyuzi zikiwa zimelegezwa, wala asiukabidhi kwenye mizigo. Hapa nyumbani usiutundike kwenye ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, wala usiuache ndani ya gari mchana. Uweke kwenye boksi lake pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na wakati wa masika vibadilishe, maana unyevunyevu wetu hulegeza gundi na daraja likang'oka lenyewe usiku. Nyuzi aagize seti mbili za akiba, huku hazipatikani kila siku. Udi ukishawasili niandikie tena, nami nitakutafutia fundi wa kuutazama daraja kabla hujazikaza.